Keki ya Nusu Chupa ya Soda

Mimi nimepika vitu vingi maishani. Ndizi na maharage nimepika mpaka sufuria ikatoboka tako. Senene nimekaanga, mihogo nimechemsha, uji wa wagonjwa nimekoroga. Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote sikukipika kabisa. Nilikitengeneza tu bila moto, bila kuni, bila moshi machoni. Keki. Keki ya soda. Cheka tu, hata mimi mara ya kwanza nilicheka. Nilisema keki isiyoonja moto ni keki gani, si ugonjwa huo?

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo usitegemee nikupangie mambo kama mwalimu. Nitaanza na chupa, maana bila ile chupa hakuna keki, na bila ile chupa binti yangu asingeninunia miaka minne.

Ilikuwa mwisho wa mwaka sabini na nane. Vita ilikuwa imeingia mkoani kwetu na wanaume wa mgambo wakaitwa. Mume wangu alikuwa mgambo. Alikuwa mtu wa mikono minene na miguu myembamba kama ya kuku. Nilikuwa namtania, nikimwambia mimi nimeolewa na mikono, hiyo miguu ni yako mwenyewe. Siku ya kuondoka akaja kutoka senta ameficha kitu ndani ya shati. Nikadhani ni sabuni. Akakitoa: soda. Chupa nzima ya soda ya rangi ya chungwa! Enzi hizo huku kwetu Chonyonyo soda ilikuwa ya sherehe, na ya wenye sherehe zao. Mimi nilikuwa sijawahi kuitia mdomoni.

Sasa ujue, na soda yenyewe haikuwa kama siku hizi. Ukitaka kuondoka nayo dukani lazima uache chupa tupu. Huna chupa, unakunywa hapo hapo umesimama, mwenye duka anakuangalia mkono mpaka unamrudishia. Mume wangu hakuwa na chupa. Mwenye duka wa enzi hizo alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mtu mpole sana. Alimhurumia kwa sababu ya safari ile, akamwachia.

Tukakaa kwenye mkeka watu watatu, mimi, yeye na binti yetu wa miaka saba. Akaifungua kwa meno. Wa kwanza kunywa alikuwa mtoto. Gesi ikampanda.

"Baba, inaniuma pua!"

"Hiyo ndiyo raha yake. Imeze."

Ikaja kwangu. Mdomo wa chupa ulikuwa umemeguka kidogo, kipande kama punje ya mtama kimetoka. Mume wangu akaigeuza akaniambia, "Nywea upande huu, usije ukakatika mdomo nikakosa wa kunigombeza." Nikanywa. Jamani! Nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, sijui ni gesi au ni nini. Tukaizungusha hivyo hivyo mpaka ikaisha. Akaiweka chini akasema, "Hii chupa uiangalie. Nikirudi tutaipeleka dukani tukabadilishe, tunywe nyingine."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia. Yashike, nitayarudia huko mbele.

Akaenda. Vita ikaisha, wenzake wakarudi, mmoja na blanketi, mwingine na redio, mwingine hana kidole. Yeye hakurudi. Nilienda kwa kila aliyerudi. Mmoja akaniambia alimwona akipanda lori jingine. Basi, habari ya mume wangu iliishia kwenye lori jingine. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna hata shati. Kuna chupa.

Nikaifunga kamba shingoni nikaitundika kwenye msumari, ukutani, pale mlango unapotazama. Yule mzee wa duka hakuniuliza hata siku moja, baadaye akauza duka akahama. Chupa ikabaki yangu.

Ikaja miaka ya themanini. Wewe uliyezaliwa juzi huijui. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Chumvi unaipima kwa vidole. Soda zikija, zinakuja mara moja na gari linachukua chupa kwa chupa, tupu ishirini na nne ndipo linashusha kreti. Mtu akiwa na harusi alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuazima chupa tupu, kama anavyoazima viti na masufuria. Wote walikuwa wanaanzia kwangu, maana yangu inaonekana mpaka njiani. Na wote nawaambia hapana.

Nikapata jina. Kisimani wanawake walikuwa wananisubiri niinue ndoo ndipo waanze.

"Mke wa chupa! Mumeo hajambo leo?"

"Hajambo. Na hajalewa kama wako."

Wanacheka, na mimi nacheka. Nilikuwa mwepesi wa mdomo, nakwambia, hakuna aliyenishinda. Ila nikishajitwika ndoo na kuwapa mgongo, kicheko kilikuwa kinaniisha kabla sijafika kwenye migomba.

Binti yangu akakua, mrefu kama baba yake, na miguu ile ile. Mwaka themanini na tisa akachumbiwa na kijana wa Nyakasimbi aliyekuwa na kazi Mwanza. Sherehe ya kumuaga tukaifanya nyumbani. Nilikamuliwa rubisi ya kutosha, pombe yetu ya ndizi, mitungi imejaa. Lakini wakwe walikuwa watu wa kanisani sana, hawagusi pombe, wanataka soda. Haya, tukazunguka kuazima chupa kwa wiki mbili. Zikapatikana ishirini na tatu.

Watu wote macho kwenye msumari.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akanijia jikoni. "Shemeji, ishushe ile. Imebaki moja tu."

"Hapana."

"Ni ya mtoto wake huyu."

"Akirudi nitamwambia nini?"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mgonjwa. "Shemeji. Miaka kumi na moja."

Nikageuka nikakoroga mchuzi ambao ulikuwa hauhitaji kukorogwa.

Kumbe aliyekosa soda siku hiyo akawa shangazi wa bwana harusi, mkubwa wao wote. Wakampa maji kwenye kikombe. Yule mama akakifunika kile kikombe kwa sahani, akakisukuma mbele, akakunja mikono. Upande wao wote wakaacha kuzungumza. Binti yangu alikuwa chumbani anachungulia kwenye pazia. Aliona yote.

Wakati wa kutoka, nilipomshika mikono kumpa baraka, akaniinamia sikioni. Alisema polepole, wala hakulia. "Mama, mtoto wako ni ile chupa. Mimi hapa nilikuwa mgeni tu."

Akaenda Mwanza. Mwaka wa kwanza hakuja, wa pili hakuja. Kila anayetoka huko alikuwa ananiambia "anakusalimu", neno moja tu, kama anayetupa punje kwa kuku. Nilisikia amejifungua mtoto wa kike. Nilisikia kwa watu.

Upweke nitakueleza ulivyo. Upweke ni kupika ndizi za watu wawili kwa sababu mkono umezoea, halafu unakula zile zile kesho yake, zimekuwa ngumu. Ni kuwagombeza kuku ili usikie sauti ya mtu. Nilikuwa natoka shamba kupalilia kahawa, navua kandambili mlangoni, naitazama ile chupa naiambia mambo ya siku. Leo mvua imekosa, leo nyani wamekula mahindi. Wale wanawake wa kisimani walikuwa wananitania kumbe wanasema kweli.

Kilichoniokoa ni ng'ombe. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila asubuhi nilikuwa napeleka maziwa dukani senta. Duka lile lile la zamani, sasa lilikuwa la bwana mwingine, mtu wa biashara, na mke wake kutoka Tanga. Yule mke! Mweupe wa moyo, mnene, amejifunga khanga tatu kwa sababu ya baridi.

"Shoga yangu," ananiambia, "huku kwenu baridi inaingia mpaka kwenye mbavu. Mnaishije?"

"Tunakula. Wewe unakula kama ndege."

"Mie ndege? Hebu nitazame vizuri shoga, mbona ndege huyu haruki!"

Basi hapo tutacheka mpaka mume wake atoe kichwa dirishani. Ilinichukua muda kujua kwamba na yeye hana mtu. Ndugu zake wote pwani, watoto hakujaliwa, wateja wanasema naye bei tu. Nikawa nakaa. Maziwa ni ya dakika moja, mimi nakaa mpaka jua linapanda.

Siku ya Idi akanipa sahani. Nikaona kitu cheupe kama mtindi kimekaa juu ya kitu cha kahawia, kina rangi ya chungwa kwa mbali. Kilikuwa baridi, maana walikuwa na friji ya mafuta ya taa. Nikatia mdomoni. Nikanyamaza.

"Vipi, mbaya?"

Si mbaya. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekaa mkekani, mwaka sabini na nane. Ile ile. Hata kwenye pua ilinipanda kidogo.

Akanifundisha. Alisema na yeye alijifunzia Tanga kwenye nyumba ya Wahindi, mama yake alipokuwa anafanya kazi. Unachukua biskuti, zile za kawaida, unaziponda kwenye kinu taratibu zisiwe unga kabisa. Unayeyusha samli, unachanganya, unazikandamiza kwenye sahani yenye kina au kisufuria mpaka zinashikana kama sakafu iliyokandikwa. Hiyo ndiyo chini yake. Juu yake sasa: malai, yaani yale mafuta mazito ya maziwa yanayopanda juu ukiyaacha yakalala. Unayapiga kwa uma, unapiga, unapiga, mkono ukikuuma badilisha mkono. Unatia maziwa ya kopo, yale mazito matamu. Unakamulia ndimu mbili, na hapo utaona maajabu, yanaanza kuganda yenyewe bila kuonyeshwa moto. Halafu soda. Nusu chupa tu, zaidi ya hapo inakuwa uji. Na lazima uifungue papo hapo, gesi ikiwa na nguvu, umimine kidogo kidogo unakoroga. "Ile gesi ndiyo inayoyanyanyua malai," alisema. "Soda iliyolala haifai." Kisha unaiweka mahali pa baridi inatulia.

Mimi watu wetu asili yao Rwanda, na kwetu maziwa hayachezewi. Mama yangu aliniambia ukichanganya maziwa na vitu vikali, ng'ombe anakauka chuchu. Kwa hiyo siku niliyojifunza keki nilirudi nyumbani nikaenda zizini nikamwomba radhi ng'ombe. Nikamwambia ni ndimu mbili tu, na ni kwa nyumba ya watu. Kesho yake akatoa maziwa kama kawaida. Nikajua amesamehe.

Ikafika mwaka tisini na tatu, mwezi wa kumi na mbili. Jirani yangu mmoja alitoka Mwanza, akapita kwangu kabla hata ya kufika kwake. Nikajua ana neno.

"Binti yako anakuja Krismasi. Na mtoto."

Nikashika mlango.

"Amenipa maneno nikuambie kama yalivyo, usinikasirikie mimi. Amesema anakuja siku mbili. Akikuta mambo ni yale yale, anarudi, na harudi tena hapa."

Mambo yale yale. Nilijua ni yapi. Tulikuwa tumesimama pale na jirani, na yale mambo yenyewe yanatutazama kutoka ukutani.

Lakini binadamu ni mjanja kwa nafsi yake. Nikasema nitamtengenezea keki ya soda. Akionja atakumbuka siku ile ya baba yake, moyo utalainika, na chupa itabaki pale pale. Nilitaka vyote viwili, nakuambia ukweli wangu.

Nikaenda kwa shoga. Biskuti akanipa, makopo ya maziwa akanipa mawili, mimi nilimpelekea mkungu wa ndizi na kuku. Ikabaki soda.

"Chupa iko wapi?"

"Sina."

Akaniangalia. Habari ya msumarini alikuwa anaijua, nani alikuwa haijui. "Shoga, Krismasi hii. Bwana ameapa hakuna chupa inayotoka bila mwenzake, hata akija mkuu wa wilaya. Itengenezee hapa kwangu, ikae kwenye friji, uje uichukue."

"Nipande nayo mlima juani? Si itafika imekuwa supu!"

"Basi sijui nikufanyeje."

Mimi nikajua. Nyumbani nilikuwa na kibuyu kizuri, shingo nyembamba, kizibo chake cha kigunzi kinabana sawasawa. Nikasema shingo nyembamba si ndiyo chupa hiyo hiyo? Kesho yake nikaja nacho. Nikanunua soda, nikaimimina yote kibuyuni nimesimama hapo hapo dukani, nikamrudishia shoga chupa yake mbele ya mume wake. Yule bwana alibaki ameacha mdomo wazi. Nikarudi nyumbani naimba, nikakitundika kibuyu kivulini, nikasema nitaanza kesho, nipate siku moja ya kujaribu kabla hawajafika.

Sasa nikuulize, kibuyu kwa sisi watu wa huku kazi yake ni nini? Kile kibuyu kilikuwa kimebeba rubisi miaka kumi na mitano! Nilikuwa nimekisuuza, ndiyo, lakini pombe imelala ndani ya ngozi yake. Asubuhi nilipogusa kizibo tu, puu! Kikaruka mpaka kwenye paa. Povu likatoka kama mbwa mwenye kichaa. Na mimi kwa ubishi wangu nikasema gesi si ndiyo inayotakiwa? Nikamimina kwenye malai. Weee! Kitu kilivimba, kikatoa matundu, kikaanza kunuka kama kilabu siku ya gulio. Nilionja kijiko kimoja nikakitema. Nikawamwagia kuku. Jogoo wangu alikula akashiba, akasimama katikati ya uwanja akawika saa sita mchana, akakaa chini, hakuinuka mpaka jioni.

Nilicheka peke yangu nimeshika mbavu. Nikageuka nimwambie mtu. Hakuna mtu. Kuna chupa.

Hapo ndipo niliitazama vizuri, sijui niseme vipi, kama mara ya kwanza. Chupa haikucheka. Ilikuwa na vumbi.

Limebaki kopo moja. Wanafika kesho yake alasiri.

Asubuhi na mapema, baada ya kukamua, nikapanda kwenye kigoda nikaishusha. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, umbo la chupa kabisa, na kwingine kote umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka kumi na mitano. Ndani mlikuwa na buibui amekufa. Nikaiosha kwa maji ya moto, nikaifuta kwa khanga yangu, nikatia kidole pale mdomoni palipomeguka. Bado paliuma kidogo. Nikaibeba mkononi, sikuitia kwenye kikapu. Njia nzima watu wananisalimia macho yao yako mkononi mwangu. Wale wa kisimani waliniona. Nilisubiri nisikie "mke wa chupa, mnakwenda wapi?" Hawakusema. Mmoja alitua ndoo yake kando ya njia nipite.

Shoga akaniona kutoka mbali akatoka nje.

"Una hakika? Nikishaitia kwenye kreti, mimi siijui tena. Zote zinafanana."

"Nipe kreti niitie mwenyewe."

Akanivutia kreti. Kulikuwa na tundu moja, kwenye kona. Nikaitia. Ikalia ting, ikawa chupa kama wenzake. Mume wake alikuwa anapanga viberiti huku anapiga mluzi, hana habari. Shoga akanipa soda ya baridi imefungwa kwenye gazeti, akanishika mkono.

Nikatengeneza. Nilipiga malai mpaka mabega yakawaka. Ndimu, kopo, halafu nikafungua soda kwa kisu, nikamimina nusu, na kweli yalinyanyuka yale malai, mepesi, yana rangi ya asubuhi. Nikaweka kisufuria ndani ya beseni la maji ya chemchemi, nikaifunika kwa jani la mgomba, nikaificha kwenye migomba kule kwenye kivuli kizito. Huku kwetu juu, kivuli cha migomba ni friji ya maskini.

Wakafika na mvua. Binti yangu amenenepa kidogo, mtoto mgongoni, kiatu kimoja kimejaa tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmefikaje?"

"Tumefika."

Kama watu waliokutana kituo cha basi. Akaingia, akavua kiatu, na jicho likaenda ukutani. Nililiona likienda. Likakuta ule weupe. Akasimama na kiatu mkononi.

"Iko wapi?"

"Nimebadilisha."

"Na nini?"

"Na soda. Ya keki."

"Keki gani, mama?"

Nikatoka kwenye mvua nikaileta. Ilikuwa imeshika, si sana, katikati inatikisika kama tumbo la mtu mnene. Mtoto akawa wa kwanza, akatia kidole kabla sijaleta kijiko. Akakilamba. Akaniangalia, akarudisha kidole. Hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza na mjukuu wangu.

Binti yangu alikula kijiko kimoja akaweka chini. "Mama, mimi nimetoka Mwanza nimeyapanga maneno. Usiku kucha kwenye meli mpaka Bukoba nimeyapanga. Sasa niyafanye nini?"

"Yaseme. Nitayasikiliza nakula."

Akayasema. Yote, tangu kikombe cha shangazi. Na mengine sikuyajua: kwamba akiwa mdogo alikuwa akitoka shule ananikuta naongea na ukuta, anasubiri nje nimalize. Nilisikiliza. Kula sikuweza, nilikuwa nimekishika tu kijiko. Alipomaliza nikamwambia neno moja, nisamehe, kwa Kinyambo, maana kwa Kiswahili lilikuwa halitoki.

Nusu ya soda ilikuwa imebaki. Nikaimimina kwenye vikombe viwili, na tone kwa mtoto. Binti yangu akanywa, akashika pua, halafu akasema, "Lakini mama, baba hakusema uitunze."

"Alisema. Hii chupa uiangalie, nikirudi tutaipeleka."

"Hapana. Alisema kesho asubuhi uirudishe dukani, usisahau, kwa sababu yule mzee amemwamini. Mimi nilikuwa nimekaa mapajani kwake. Nilishangaa kila siku kwa nini hukuirudisha."

Nikamwambia alikuwa na miaka saba, anajua nini. Akaniambia na wewe ulikuwa unalia, ulisikia nini. Tukabishana, tukacheka, tukabishana tena. Mpaka leo sijui nani alisikia sawa. Na mwenye kutuamulia alipanda lori jingine.

Alikuja siku mbili akakaa nane. Siku ya nane akaondoka. Usifikiri ndiyo upweke ulikwisha, haukwisha. Ana nyumba yake, ana mume, Mwanza si hapa. Ila alikuwa anakuja, kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na barua zikawa na maneno mengi. Shoga na mume wake baadaye walifunga duka wakarudi Tanga, yeye akaniachia uma wake wa kupigia malai. Ninao.

Ukuta sikuupaka. Lile umbo jeupe lilififia lenyewe, moshi ukalimaliza.

Siku ile ya kwanza baada ya binti yangu kuondoka nilikwenda dukani na mbio, nikasema labda kreti bado ipo. Shoga akaniambia gari lilipita jana. Imekwenda kiwandani, itaoshwa, itajazwa, itafunguliwa na mtu mwingine, sijui wapi, labda Mwanza huko huko. Nikakaa kwenye benchi nikanywa soda hapo hapo, nikairudisha chupa.

Na hivyo ndivyo ninavyofanya mpaka sasa. Siku hizi soda ni za plastiki, unakunywa unatupa, lakini mimi nikienda senta naomba ya chupa. Wauzaji wananijua, wananichagulia. Kabla sijanywa napitisha kidole kwenye mdomo wake, mzunguko mzima, taratibu. Zote ni laini. Basi nanywa, inanipanda puani, narudisha chupa, naenda zangu nyumbani.